Alifungwa, kisha akalipwa dola milioni 104: ufichuzi wa ukwepaji kodi benki unavyokwenda

Tarehe 1 Agosti 2012 Bradley Birkenfeld, Mmarekani aliyewahi kuwa afisa wa benki huko Uswisi, alitoka katika gereza la shirikisho la Schuylkill, Pennsylvania, akiwa ametumikia karibu miezi 31 kati ya 40 aliyohukumiwa. Haukupita hata mwezi na nusu, mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, ikamkubalia zawadi ya dola milioni 104. Serikali iliyomfunga ndiyo iliyomlipa, na kwa siri ileile: namna benki ya Uswisi, UBS, ilivyowafichia Wamarekani matajiri fedha zao.

Kisa hiki husimuliwa sana kama kioja. Ukikifuata hatua kwa hatua, kila kipande kinakaa mahali pake, na kinaeleza pia yaliyowapata wafichuzi wengine wa mabenki kuanzia Tallinn hadi Nairobi na Kinshasa. Uzito wa siri aliyobeba mtu hauamui ataishia wapi. Kinachoamua ni mlango aliopitia, sheria iliyokuwa ikilinda mlango huo siku aliyobisha hodi, na kama alisema yote, yakiwemo yanayomchafua mwenyewe.

Bomba lilivyounganishwa

Tutenganishe kwanza maneno mawili ambayo hata magazeti huyachanganya. Kuepuka kodi ni kutumia mianya iliyoachwa na sheria yenyewe. Watu watakusema, lakini hufungwi. Kukwepa kodi ni kuficha kipato ambacho sheria inakutaka ukitaje. Mmarekani kuwa na akaunti Geneva si kosa. Kosa ni kuinyamazia, kwa sababu raia wa Marekani hutozwa kodi kwa kipato chake chote popote duniani, na akaunti zake za nje zikivuka dola 10,000 kwa jumla lazima azitolee taarifa kila mwaka.

Kuanzia Januari 2001 Marekani ilikuwa imeweka mtego wa kuwanasa wanaonyamaza. Benki ya nje iliyotaka kuwanunulia wateja wake hisa na hati fungani za Marekani ilisaini mkataba na IRS, ikajifunga kumtambua kila mteja anayepokea gawio au riba kutoka huko. Mteja Mmarekani alipaswa kujaza fomu W-9, na jina lake pamoja na namba yake ya mlipakodi vikafika IRS. Akikataa, benki imkate kodi ya zuio na aziuze hisa zake za Marekani. Mteja mgeni yeye alijaza fomu W-8BEN, inayotamka kwamba mmiliki manufaa, yaani mwenye fedha halisi, si Mmarekani, na jina lake likabaki kabatini mwa benki.

Tundu lilikuwa kwenye hiyo W-8BEN. Mteja Mmarekani aliandikishiwa kampuni Panama, Hong Kong au Visiwa vya Virgin vya Uingereza. Kampuni ikafungua akaunti, ikajaza W-8BEN ikidai kwamba yenyewe ndiyo mmiliki manufaa, na fedha zikahamishwa kutoka akaunti ya mtu kwenda akaunti ya kampuni. Ukizichukua karatasi moja moja, hakuna iliyo na kasoro: kampuni imesajiliwa kweli, cheti kipo, mkurugenzi ametia sahihi. Lakini mkurugenzi huyo amekodisha jina tu, na anayepiga simu kuamuru hisa zinunuliwe au ziuzwe ni bwana mmoja wa California.

Kulikuwa na vifaa vingine vidogovidogo. Taarifa za akaunti hazikutumwa kwa posta. Zilisubiri benki hadi mteja aje azisome huko huko. Maafisa walisafiri kwenda Marekani kukutana na wateja kwenye maonyesho ya sanaa na mashindano ya mashua, wakibeba kompyuta zenye data iliyofungwa kwa siri. Birkenfeld mwenyewe alikiri kwamba aliwahi kumnunulia mteja almasi na kuziingiza Marekani ndani ya tyubu ya dawa ya meno. Hicho ndicho kipande ambacho waandishi hawachoki kukirudia. Kwa mkaguzi wa kodi, almasi zile zilikuwa jambo dogo kuliko fomu moja ya W-8BEN yenye tamko la uongo.

Ripoti ya kamati ndogo ya uchunguzi ya Seneti ya Marekani ya Julai 2008 ilitaja akaunti za Wamarekani zisizotangazwa zipatazo 19,000 katika UBS Uswisi, zenye karibu dola bilioni 18. Biashara hiyo iliiingizia benki takriban dola milioni 200 kwa mwaka.

Kwa nini mtu wa ndani, na si mkaguzi? Kwa sababu fomu iko kwenye faili moja na maelezo ya afisa kuhusu mteja halisi yako kwenye faili jingine, na mkaguzi wa nje huonyeshwa faili la kwanza. Anayeyaona mafaili yote mawili kwa siku moja ni mfanyakazi. Halafu kuna ukuta wa sheria: kifungu cha 47 cha sheria ya mabenki ya Uswisi, iliyopo tangu 1934, kinafanya kutoa siri ya mteja kuwa kosa la jinai, na kuanzia 2009 kifungo chake kiliongezwa hadi miaka mitatu. Mfanyakazi wa Geneva akiyaunganisha mafaili hayo mawili mbele ya mgeni, huko Geneva yeye ni mhalifu.

Mlango wa Washington

Birkenfeld aliacha kazi UBS Oktoba 2005. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amekutana, kwenye mfumo wa ndani wa benki, na waraka wa kurasa tatu uliokataza yaleyale ambayo wakubwa walikuwa wakimtuma akayafanye Marekani. Waraka wa namna hiyo una kazi maalumu: siku ya kukamatwa, benki inautoa mezani na kusema mfanyakazi alivunja kanuni. Ukiukuta ofisini kwako nawe kila siku unaagizwa kinyume chake, ujue kinga ya mtu mwingine inajengwa kwa jina lako.

Alilalamika ndani, hakupata jibu la maana. Mwaka 2007 akaenda Washington. Sheria ilikuwa imebadilika miezi michache tu nyuma yake: mnamo Desemba 2006 Bunge la Marekani lilipitisha kanuni kwamba anayetoa taarifa za ukwepaji kodi wa zaidi ya dola milioni 2 atalipwa si chini ya asilimia 15 na si zaidi ya 30 ya kitakachokusanywa. Kabla ya hapo IRS ilikuwa ikitoa zawadi kwa hiari yake, na kidogo.

Alipofika Wizara ya Sheria alitaka vitu viwili: kinga ya kutoshtakiwa, na hati ya wito. Hati ilikuwa na maana kubwa kuliko inavyoonekana, maana anayelazimishwa kuzungumza na wito wa serikali ana utetezi ambao anayejitolea mwenyewe hana, hasa mbele ya kifungu cha 47. Wizara ikamnyima vyote viwili. Yeye akaendelea kubisha milango mingine: IRS, tume ya masoko ya mitaji, na Seneti, ambayo ilimpa hati aliyoitaka.

Hapo ndipo alipojikwaa. Mteja wake mkubwa alikuwa Igor Olenicoff, tajiri wa majengo huko California, aliyekuwa ameficha takriban dola milioni 200. Waendesha mashtaka walisema Birkenfeld aliwaeleza uchafu wa benki nzima lakini akawaficha sehemu yake katika jambo la Olenicoff. Watetezi wake hujibu kwamba Seneti alilitaja jina hilo. Hata tukiwaamini, kusema kwenye mlango mmoja si kusema kwenye mwingine. Taasisi za serikali hazisomeani majalada kama tunavyodhani, na aliye na mamlaka ya kukushtaki ndiye anayepaswa kulisikia kosa lako kutoka kinywani mwako, mbele ya wakili, kabla hajalisikia kwingine. Olenicoff alikiri kosa Desemba 2007, akalipa dola milioni 52, akapewa muda wa uangalizi wa miaka miwili bila kukaa jela hata siku moja. Birkenfeld alikamatwa Mei 2008, akakiri Juni, na Agosti 2009 jaji wa Fort Lauderdale akampa miezi 40, ilhali upande wa mashtaka wenyewe ulikuwa umeomba 30. Mwendesha mashtaka huyohuyo aliyetaka afungwe ndiye pia aliyeiambia mahakama kwamba bila mtu wa ndani kama yeye udanganyifu ule usingejulikana.

Na zawadi ilitokeaje kwa mfungwa? Sheria ya 2006 inamnyima malipo mtu aliyehukumiwa kwa kosa ambalo yeye ndiye aliyelipanga na kulianzisha. Mshiriki wa kawaida hanyimwi. Birkenfeld alikuwa mtumishi katika mpango uliokuwepo kabla hajaajiriwa, kwa hiyo hukumu haikumfungia mlango wa IRS. Hesabu nayo inaeleweka. Februari 2009 UBS ilikubali kulipa dola milioni 780 ili mashtaka yaahirishwe: milioni 380 zikiwa faida iliyovuna, na milioni 400 zikiwa kodi, riba na adhabu. Milioni 104 ni asilimia 26 kamili ya hizo 400.

Yaliyofuata yalikuwa makubwa kuliko hundi. Agosti 2009 Uswisi ilikubali kutoa taarifa za akaunti 4,450. Wateja wa mabenki mengine, wasijue ni nani anayefuata, wakaanza kujisalimisha. Hadi mpango wa kujitangaza kwa hiari ulipofungwa 2018, zaidi ya walipakodi 56,000 walikuwa wamelipa zaidi ya dola bilioni 11. Mwaka 2010 Marekani ikapitisha sheria ya FATCA, inayozitaka benki za nje ziripoti akaunti za Wamarekani, na ambayo ndiyo sababu benki yako, hata ikiwa Mwanza au Eldoret, inakuuliza kwenye fomu ya kufungua akaunti kama wewe ni raia wa Marekani. Benki ya Wegelin, iliyoanzishwa 1741, ilikiri kosa Januari 2013 na kufunga milango. Credit Suisse ilikiri 2014 na kulipa dola bilioni 2.6.

Mlango wa ndani

Howard Wilkinson hakutoka nje ya jengo. Alikuwa mkuu wa shughuli za masoko ya fedha wa benki ya Denmark, Danske Bank, katika nchi za Baltiki, akikaa Tallinn, Estonia. Tarehe 27 Desemba 2013 aliandika barua pepe kwa wakubwa wa makao makuu Copenhagen. Ushahidi wake wa kwanza haukuwa siri ya mtu: aliitafuta kampuni moja mteja, Lantana Trade LLP, kwenye daftari la makampuni la Uingereza, ambalo yeyote anaweza kulisoma. Kampuni ilikuwa imewasilisha hesabu ikisema haifanyi biashara yoyote. Kwenye vitabu vya tawi la Tallinn kampuni hiyohiyo ilikuwa ikizungusha mamilioni ya dola.

Huo ni mfano mzuri kuliko yote wa jinsi uthibitisho unavyotengenezwa: karatasi ya hadharani upande mmoja, namba ya ndani upande wa pili, na hizo mbili haziwezi kuwa kweli kwa pamoja. Hakuhitaji kuiba hifadhidata.

Alituma ripoti nne hadi Aprili 2014. Wakaguzi wa ndani walikuja, wakaona aliyoyasema yana ukweli. Polisi hawakuitwa. Wilkinson akaondoka akiwa amesaini makubaliano ya kunyamaza, na tawi likaendelea na wateja hao hadi 2015. Ripoti iliyotolewa Septemba 2018 ilionyesha kwamba kati ya 2007 na 2015 zilipita kwenye tawi lile dogo takriban euro bilioni 200 za wateja wasio wakazi, sehemu kubwa ikitiliwa shaka. Mwezi huohuo gazeti la Estonia lilimtaja mfichuzi kwa jina bila yeye kutaka. Danske ilikiri kosa Marekani Desemba 2022 na kukubali kupoteza dola bilioni 2.

Udhaifu wa mlango wa ndani unaonekana wazi hapo. Unafaa pale tu ambapo aliye mwisho wa laini hafaidiki na biashara inayolalamikiwa. Tawi la Tallinn lilikuwa na faida kubwa mno kwa ukubwa wake. Malalamiko yalipopanda ngazi yalikuwa yakiwafikia watu ambao takwimu zao nzuri zilitoka kwenye uchafu uleule. Umoja wa Ulaya ulipopitisha mwongozo wake wa 2019 uliyashughulikia haya kwa tarehe na saa: aliyepokea taarifa athibitishe ndani ya siku 7, atoe mrejesho ndani ya miezi 3, na mfanyakazi akifukuzwa baada ya kuripoti, mwajiri ndiye athibitishe kwamba hakumfukuza kwa sababu hiyo. Kipengele hicho cha mwisho ndicho chenye meno. Katika kesi ya kawaida ya kazi, kuthibitisha dhamira ya bosi ni sawa na kukamata moshi.

Upande wa pili kabisa yuko Hervé Falciani, mtu wa kompyuta wa HSBC Geneva, aliyeondoka na data ya makumi ya maelfu ya wateja na mwishoni mwa 2008 akawa nayo Ufaransa. Data ilizaa kesi katika nchi nyingi, na mwaka 2017 benki ilikubali kuilipa Ufaransa euro milioni 300. Lakini mzigo mzima ulimgharimu. Waswisi walidai kwamba alijaribu kwanza kuuuza Lebanon, yeye akakana; mwaka 2015 mahakama ya Bellinzona ikampa miaka mitano kwa ujasusi wa kiuchumi bila yeye kuwepo. Hispania ilikataa kumrudisha. Ukibeba hifadhidata nzima, kesi huhama: badala ya benki kuulizwa ilifanya nini, wewe ndiye unaulizwa ulitaka kuifanyia nini.

Nairobi na Kinshasa

Karani David Munyakei aliingia Benki Kuu ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mezani kwake zilipita karatasi za fidia ya mauzo ya nje. Mpango ulikuwa hivi: nchi ilihitaji fedha za kigeni, basi msafirishaji akionyesha kwamba ameuza bidhaa nje, serikali inamwongezea asilimia 20. Kampuni ya Goldenberg International ilipewa asilimia 35 na haki ya kuuza dhahabu na vito vya almasi peke yake, katika nchi yenye dhahabu kiduchu na isiyochimba almasi. Juu yake kulikuwa na mkopo wa kabla ya kusafirisha, kwa hiyo dhahabu ya kwenye karatasi ilivuna mara mbili: kabla haijaondoka na baada ya "kuuzwa".

Munyakei aliona kampuni moja ikilipwa tena na tena kwa mauzo yasiyoacha alama ya fedha za kigeni. Akapeleka nakala kwa wabunge wa upinzani, nao wakalifikisha jambo bungeni mwaka 1993. Alikamatwa kwa sheria ya siri za serikali, mashtaka yakafutwa, kazi hakurudishiwa. Akahamia Mombasa, baadaye akarudi Narok, akafariki 2006 akiwa hana kitu. Tume ya Jaji Bosire, iliyochunguza kashfa hiyo, ilikabidhi ripoti yake mwaka huohuo.

Utapeli wa Goldenberg si ukwepaji kodi. Ni kinyume chake: fedha za walipakodi zinatoka hazina badala ya kutoingia. Lakini mabomba ni yaleyale, yaani karatasi safi, benki iliyo tayari kuzipokea, na mtu mmoja anayeona kwamba mbili haziendani.

Kongo mambo ni mazito zaidi. Jean-Jacques Lumumba, aliyesimamia mikopo katika BGFIBank mjini Kinshasa, alikimbilia Ulaya 2016 akiwa na nyaraka za benki hiyo. Miaka mitano baadaye, Novemba 2021, uchunguzi ulioitwa Congo Hold-up, uliosimama juu ya nyaraka milioni 3.5 zilizovuja kutoka benki hiyohiyo, ulifuatilia angalau dola milioni 138 za umma zilizopitia humo kwenda kwa watu wa karibu na rais wa zamani Joseph Kabila. Gradi Koko na Navy Malela, wakaguzi wa ndani wa benki nyingine, Afriland First Bank, walitoa nyaraka zilizosababisha ripoti ya 2020 iliyodai kwamba mfanyabiashara Dan Gertler aliitumia benki hiyo kukwepa vikwazo vya Marekani. Gertler na benki walikana. Septemba 2020 mahakama ya Kinshasa iliwahukumu wafichuzi hao adhabu ya kifo bila wao kuwepo, na habari ikajulikana Februari 2021. Wakati ule Kongo ilikuwa imesitisha utekelezaji wa adhabu hiyo tangu 2003. Usitishaji huo uliondolewa Machi 2024.

Sheria za kwetu zikoje? Uganda ilitangulia kwa sheria ya 2010, ambayo pamoja na ulinzi inampa mtoa taarifa asilimia 5 ya fedha zitakazookolewa. Tanzania ilitunga Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi mwaka 2015. Kenya ina vipande: sheria ya kulinda mashahidi ya 2006, na sheria ya hongo ya 2016 ambayo kwayo anayemwandama mtoa taarifa anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha hadi mwaka mmoja; miswada ya sheria kamili imeletwa bungeni zaidi ya mara moja. Angalizo kwa wanaosoma sheria hizi haraka: ya Uganda na ya Tanzania zinalinda taarifa iliyopelekwa kwenye mamlaka husika. Kumpelekea mwandishi wa habari au kuiweka mtandaoni ni safari nyingine, na kinga yake ni nyembamba au haipo.

Ripoti inayofanya kazi

Mfanyakazi wa benki ana mlango mmoja ambao wengi husahau kwamba ni mlango: taarifa ya muamala shuku. Sheria za kuzuia utakatishaji fedha zinamtaka amwandikie afisa mhusika ndani ya benki, naye aipeleke kwenye kitengo cha taifa cha fedha haramu. Kanuni za kimataifa zinataka anayeripoti kwa nia njema asishtakiwe kwa kuvunja usiri wa mteja. Sharti ni moja: usimdokeze mteja wala mtu mwingine kwamba ameripotiwa, maana kudokeza nako ni kosa. Hifadhi kumbukumbu ya tarehe uliyoripoti na kwa nani, basi. Ikiwa afisa huyo ameikalia, tarehe hiyo ndiyo itakayokubeba kwenye mlango wa nje.

Ripoti ya nje yenye nguvu ni fupi. Inaanza na mgongano mmoja ambao mtu asiye wa benki anaweza kuuelewa kwa dakika tano: kampuni fulani imesema hivi kwa msajili, na akaunti yake imefanya hivi. Kisha inataja akaunti, tarehe, kiasi, sarafu, nani alianzisha muamala, nani aliidhinisha, na kanuni gani ya ndani ilirukwa. Mwisho inaonyesha ushahidi mwingine uko wapi: jina la mfumo, la faili, la idara. Sehemu hiyo ya mwisho ina thamani kuliko rundo la nakala. Mpelelezi mwenye hati ya mahakama ataufuata ushahidi mahali ulipo na kuuchukua kihalali, na mahakamani hautapingwa kwamba uliibwa au umechezewa.

Makosa yanayowaangusha watu ni ya kawaida mno. Kuchapisha kurasa mia tatu jioni moja, wakati printa ya ofisi inaandika nani kachapisha nini na saa ngapi. Kujitumia nyaraka kwa barua pepe binafsi kutoka kompyuta ya kazini. Kuweka picha ya skrini inayoonyesha jina la aliyeingia kwenye mfumo. Kufungua akaunti za wateja wasiohusiana na kazi yako ili "kuhakikisha", jambo ambalo linakugeuza mvunja kanuni kabla hujasema neno. Kuripoti bila jina na bila njia ya kujibiwa: mpelelezi akiwa na swali moja dogo na hana pa kuliuliza, jalada linalala. Kuwaambia wenzako watatu unaowaamini, kisha uchunguzi unapoanza, hao watatu wanajua pa kuanzia kumtafuta msemaji. Na kubwa kuliko yote, kosa la Birkenfeld: kuacha jina moja.

Wakili atangulie, hasa ikiwa uliwahi kutia sahihi karatasi yoyote katika hayo unayoyafichua. Si lazima awe bingwa wa kodi. Awe mtu anayejua tofauti kati ya shahidi na mshtakiwa katika nchi yako, na anayeweza kuuliza swali la kinga kwa niaba yako kabla jina lako halijatajwa.

Baada ya hapo ni muda. Marekani dai huwasilishwa kwa Fomu 211, yenye jina lako halisi na kiapo, na malipo hayatoki mpaka kodi iwe imekusanywa na muda wa mlipakodi kukata rufaa umekwisha. Hiyo ni miaka, mara nyingi mingi. Ulinzi dhidi ya kufukuzwa kazi kwa wanaoripoti kwa IRS uliongezwa 2019 tu. Birkenfeld hakuwa nao. Na zawadi yenyewe hukatwa kodi.

Kenya mamlaka ya mapato nayo hulipa: asilimia 5 ya kodi iliyookolewa, au shilingi milioni 5, ile iliyo ndogo. Dari hilo linafikiwa kodi ikifika milioni 100. Mfanyakazi wa benki akifichua mpango uliokwepa shilingi bilioni moja, na zote zikapatikana, atapewa milioni 5, ambayo ni nusu ya asilimia moja. Kwa kanuni ya Marekani angepata kati ya milioni 150 na 300. Anayefikiria kuripoti aipige hesabu hiyo mapema, kando ya nyingine ambayo haimo kwenye sheria yoyote: miezi mingapi ya mshahara ataishi nayo akiwa nje ya benki, kabla simu haijalia.